Pete Ndani ya Kikombe

Saa kumi na mbili kasorobo. Cheyo bado inapiga miayo.
Nafunga kamba za raba, naaga kuku,
nashika njia ya stesheni mikono mitupu.

Kufika kwa muuza mkaa, vidole vimeshaumuka,
vyote kumi, kama maandazi ya Mama Kalunde
yaliyozidi hamira.
Nikivikunja, havikunjiki.
Nikivitazama, sivijui:
ndivyo hivi vilivyopiga chapa barua za reli
miaka thelathini na mmoja?

Kitete, daktari kijana akanipima presha,
akanigeuza viganja, akacheka kidogo, si kwa dharau.
"Bibi, moyo mzima. Figo nazo hazina neno.
Ila mikono umeiacha ining'inie
kama nguo kwenye kamba siku isiyo na upepo.
Itikise. Iinue. Fumba, fumbua.
Na hiyo pete, ivue kabla hujatoka."

Yote nilikubali, isipokuwa la mwisho.

Mama yangu, Nyanzala, hakuvimba kidole.
Maji ya Itetemia aliyabeba kichwani,
mkono mmoja juu, umeshika ukingo wa debe;
ukichoka, akaleta wa pili,
bila raba, bila daktari, bila neno "mazoezi".
Na babu zake, waliopagaa mizigo hadi pwani,
hawakujua mkono unaoning'inia.
Sisi tumetua, tukasema tumepumzika,
kumbe mikono mitupu nayo huelemewa.

Basi nikaanza vituko vyangu.
Hatua hamsini, viwiko vimekunjwa;
hatua hamsini, mikono juu.
Siku ya kwanza walisimama bodaboda watatu.
"Bibi, wapi?" Mbele tu, wanangu, kwa miguu.
Siku ya pili mlokole mmoja akaitikia "Amina!"
Siku ya tatu watoto wa shule wakaunga mstari nyuma yangu,
mikono juu, wakihesabu kwa sauti,
hadi mdogo wao akauliza,
"Kwani tumekamatwa na nani?"

Tisa vikapungua. Cha pete, hapana.
Mihayo alinivisha mwenyewe,
mshahara wa gadi wa miezi minne, na deni juu.
Tangu tumzike, miaka sita, haijatoka,
si kwa unga, si kwa kufua, si kwa homa.
Jumatatu ile kidole kikawa rangi ya zambarau.
Sonara akatoa mkasi wake mdogo.
Nikaurudisha mkono kifuani.
"Nipe hadi kesho."

Usiku nikalala mkono juu, umeegemea ukuta,
kama mwanafunzi anayejua jibu na haulizwi.
Alfajiri, sabuni ya mche, uzi, maji baridi.
Nikavuta. Nikamwambia, nisamehe.
Ikatoka na ngozi kidogo,
ikaacha mfereji mweupe, mororo,
mahali ambapo jua halikuwahi kufika.

Sasa nikitoka, inanisubiri
ndani ya kikombe chake, kile chenye ufa
alichokataa tusitupe.

Leo nimefika relini treni ikiondoka.
Ilikuwa zamu ya mikono juu, hatua ya thelathini na tatu.
Behewa la mwisho, gadi kijana,
bendera ya kijani nje ya dirisha,
akanipungia, akidhani namuaga.

Mihayo alikuwa akiuinua hivihivi,
mkono wa kulia, kiwiko kimenyooka,
nami dirishani kwenye taipureta
nikijifanya sioni.

Hamsini zikapita. Sitini. Sikuishusha mikono
mpaka mlio ulipomezwa na miombo.
Nikafumba, nikafumbua.
Vidole vyembamba, vyangu vyote.

Nyumbani pete imeingia bila sabuni.
Imelegea, hata.
Itabidi niizungushie uzi.